Pakiteng wa Mheshimiwa

Kitengela, 27 Machi 2022

Kwa binti wa ndugu yangu, Naisenya,

Takwenya. Najua umeitikia "Iko" hata kabla hujamaliza kurarua bahasha, kwa sababu marehemu baba yako aliwafunza heshima. Sisi hapa tuko wazima. Mama Sandra anakusalimia. Goti lake bado linasumbua, lakini Jumapili alienda kanisa kwa miguu akarudi kwa miguu, na njiani akagombana na watu wawili, kwa hivyo ujue amepona. Sandra anaingia Form Two, anakula kama askari wa GSU. Mwambie mama yako nimemsalimia kwa mikono miwili.

Umeuliza kwa nini siku hizi sishiki simu. Naisenya, huu ni wakati wa kampeni. Simu zote zinasikizwa. Huko Nairobi kuna vijana wamekaa na vitu masikioni, wanangoja tu Meitamei aseme ataelekea upande gani wapeleke habari juu. Mtu kama mimi haongei ovyo. Tena Masila anapita hapa kila wiki na lori la nyanya kutoka huko kwenu Kimana, na mwandiko wangu uko vile unauona. Mwalimu wetu wa darasa la sita alisema hajawahi kuona mkono kama huu, ndio maana sikuona haja ya kuendelea na la saba.

Jua la hapa ni kali. Tangu Januari ng'ombe zangu nne zimeanguka, na hizo zingine unaweza kuhesabu mbavu ukiwa barabarani. Lakini Nanyokie wako, yule mwekundu, usiwe na wasiwasi. Zile bunda za mabua makavu ya mahindi unatuma na Masila anakula yeye peke yake, na ile mimba yake sasa inaonekana. Nikimwangalia nasema Agosti atazaa. Ni yeye pekee hapa bomani anafanana na ng'ombe. Ndugu yangu alijua kuchagua. Alipokuachia huyo mtamba hakukuachia kitu cha mchezo.

Umesema nimpakie kwa lori la Masila aje huko kwenye maji na majani azalie hapo. Ni maneno ya busara na nitafanya hivyo. Lakini si wiki hii. Barabara imejaa misafara ya wagombea, mnyama mwenye mimba akisikia hizo spika anaweza kuharibu.

Sasa sikia. Unamjua Lennox, yule kijana wa hapa alisoma mpaka akamaliza masomo yote yaliyokuwako? Anasimama ubunge. Juzi alikuja na magari matatu. Hakwenda kwa jirani. Alikuja kwangu. Aliinamisha kichwa kama mtoto anavyosalimia mzee, nikamgusa, na picha ikapigwa. Akaniambia, "Mzee, bila wewe hii Kitengela siwezi." Nikamwambia nitafikiria. Siku nzima watu walikuwa wakipita kuangalia mahali magari yalisimama.

Ni mimi baba yako mdogo, mwenye siri nyingi kwa sasa,
Meitamei


Kimana, 10 Aprili 2022

Baba mdogo,

Nimeinamisha kichwa, kiguse. Mama ni mzima na amefurahi kusikia habari ya goti. Vitunguu tumevuna vizuri ile sehemu ya juu, ya chini maji hayakufika. Bado nafanya kibarua kwa yule mama wa shamba la pampu, na amenikubalia nifunge Nanyokie kwenye kona yake ya shamba. Kuna mabua, kuna mfereji, kuna hata kivuli. Mama ameanza kumkatia majani kama mtu anayengoja mgeni.

Baba mdogo, wewe unajua vile mimi niko. Sina shamba langu, sina bwana, na baba hakuniachia kitu kingine. Huyo ng'ombe na kilicho tumboni mwake ndiyo mali yangu yote. Jua likimaliza ng'ombe wa Kitengela, mimi nimeisha. Ndio nakuomba tena: wiki ijayo, Jumatano, Masila akimaliza kushusha nyanya, mpakie. Nimeongea naye, ataweka majani chini asiteleze.

Kuhusu simu, nimepiga mara saba. Inaita vizuri kabisa.

Wako mtiifu,
Naisenya


Kitengela, 1 Mei 2022

Kwa Naisenya wetu,

Takwenya sana. Sandra amefunga shule na kufungua tena, hizi likizo zao siku hizi ni kama kupiga chafya. Mama Sandra ameanza kuuza maziwa ya pakiti pale stendi, fikiria, nyumba ya Meitamei inauza maziwa ya pakiti. Ndio hali.

Najua Masila aliondoka bila ng'ombe. Hiyo Jumatano Nanyokie alikuwa anachechemea mguu wa nyuma. Ukipakia mnyama anachechemea unapakia hasara. Nimempaka dawa. Tuache hapo.

Sasa nikupe habari kubwa. Lennox amepita mchujo wa chama! Hiyo siku ya mchujo mimi nilikuwa pale shuleni tangu jogoo. Wafuasi wa yule mwingine walikuja na mawe kwa gunia. Nilitoka mbele peke yangu na fimbo yangu. Nilikohoa tu. Gunia lilianguka chini lenyewe. Muulize mtu yeyote.

Baadaye Lennox alituita kwake wazee wachache, wale wa maana. Na hapo, Naisenya, mimi na yeye tukafunga mambo. Wewe ni mtoto wa Kimaasai, sihitaji kukufundisha. Ukimpa mtu ng'ombe, majina yenu yanawekwa kando, mnaitana Pakiteng mpaka mmoja awekwe kaburini. Hata ukikosana na yeye huwezi kumkataa, hata mvua ikikosa, hata Kenya ikibadilishwa jina. Nilimpa ng'ombe. Alisimama mbele ya watu akasema, "Kuanzia leo huyu si Meitamei. Huyu ni Pakiteng wangu." Fikiria mtu anaingia Bunge na mimi niko ndani ya mdomo wake!

Amesema kisima cha kwanza kitachimbwa upande wetu. Na akipita, ng'ombe atarudi na wenzake wawili nyuma yake, kwa sababu Pakiteng hapokei tu.

Usiulize ng'ombe gani. Ni lile dume langu la tumbo jeupe.

Baba yako mdogo, na sasa Pakiteng,
Meitamei


Kimana, 15 Mei 2022

Baba mdogo,

Kichwa changu hicho. Mama alipatwa na homa lakini ameamka, jana alikuwa shambani. Nzembi, yule rafiki yangu tunayelima naye, amejifungua msichana.

Nimekupa pongezi kwa jina jipya. Lakini lile dume la tumbo jeupe, uliniambia Februari lilikufa kwenye bonde la Isinya na mkauza ngozi. Labda nakumbuka vibaya.

Masila amerudi wiki hii tena na lori tupu. Nimemuuliza, "Ng'ombe yuko wapi?" Akaniambia, "Naisenya, yule mzee alinipa chai vikombe vitatu na hadithi sita. Ng'ombe hakunipa. Hata bomani hakuniacha niingie, alisema kuna ugonjwa."

Ugonjwa gani, Baba mdogo? Mguu umepona? Nimetuma bunda nane zingine na gunia la pumba. Tafadhali niambie amefika mwezi wa ngapi, na kama maziwa yameanza kujaa. Andika hiyo tu. Mambo ya Lennox tutasikia kwa redio.

Naisenya


Kitengela, 3 Julai 2022

Naisenya, mtoto wa nyumba yangu,

Takwenya. Pole kwa mama na ile homa, mwambie achemshe mizizi, si vidonge tu. Hapa sote wazima. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi za kitaifa.

Nianze wapi? Mgombea wetu wa urais alikuja! Yeye mwenyewe, na helikopta mbili. Watu walijaa mpaka vumbi likakosa mahali pa kukaa. Ile helikopta ya kwanza ilizunguka mara tatu ikashindwa kushuka, rubani haoni uwanja, ni vichwa tu. Nikavua shuka langu jekundu, nikapanda juu ya pikapu ya spika, nikampungia: kushoto, kushoto, sasa shuka. Akashuka. Baadaye alikuja kunishika mkono, akaniuliza nilijifunza wapi. Nikamwambia mimi naongoza ng'ombe, hiyo yako ni ng'ombe moja tu yenye kelele.

Mgombea aliongea mambo ya maji, ya mashamba, ya bei ya unga. Alipofika pale "watu wa Kajiado," alinitazama mimi. Mama Sandra anasema alikuwa anatazama jua. Mama Sandra hakuwa karibu.

Kisha Lennox akatupeleka kwake kula. Naisenya, katika hii njaa yote, nyama! Nyama yenye mafuta, laini, inakatika kwa vidole. Nilikula mpaka nikaona haya. Nikasema huyu mtu akituongoza hatutalala njaa. Na mbele ya wageni wa Nairobi aliniita, "Pakiteng, ongeza supu." Wote walisikia.

Kuhusu Nanyokie. Bunda zimefika, asante. Usiwe na wasiwasi, hayuko tena hapa kwenye jua. Nimempeleka na mifugo ya watu wengine mbali, kwenye milima ya Chyulu, kuna nyasi ya kufika magotini. Anakula kama bibi harusi.

Kumbuka umejiandikisha kura kwa kituo cha huku. Agosti tunakuhitaji. Kura ya mtu wa nyumbani ni kura mbili.

Pakiteng Meitamei


Kimana, 24 Julai 2022

Baba mdogo,

Nakusalimu kwa heshima. Sote tuko salama.

Chyulu ni huku kwetu. Nikisimama kwenye mfereji wa vitunguu naiona. Kama Nanyokie yuko Chyulu, basi mmempitisha karibu na mlango wangu bila kusalimia. Niambie yuko na nani, manyatta ya nani, nitaenda kumchukua mwenyewe kesho. Nimeuliza wachungaji watatu wanaoshuka huku kununua unga. Wanasema mwaka huu hata Chyulu ni majivu.

Baba mdogo, sikukosei heshima. Nauliza ng'ombe wangu.

Nitakuja kupiga kura. Nitaingia tarehe nane jioni, nilale kwa Ann, yule tuliyesoma naye, karibu na stendi. Asubuhi ya tarehe tisa nitapitia nyumbani kwanza.

Naisenya


Kitengela, 21 Agosti 2022

Binti yangu,

Takwenya, na pole kwa safari ya kurudi. Nimesikia ulifika salama kupitia Masila, si kupitia kwako. Mama Sandra anasema asubuhi ile ya kura mlikaa jikoni, mkanywa chai, kisha ukatoka bila maneno mengi. Mimi nilikuwa nimeshaenda shuleni alfajiri, kwa sababu si kila mtu anaweza kuwa ajenti wa mbunge. Niliapishwa! Nilivalishwa beji! Nilikaa kwenye kiti cha darasa la tatu siku nzima, magoti kwenye kidevu, nikilinda kura. Nilikuona ukiingia na ile foleni ya wamama. Ukaweka kidole kwa ile mashine, ikakukubali mara ya kwanza. Mimi yangu ilikataa mara nne, kazi imekula alama za vidole. Ukapewa karatasi zako sita. Nilikuinulia kidole gumba. Nadhani hukuona.

Nilitaka baadaye tuongee kuhusu Chyulu, lakini ajenti haruhusiwi kuondoka.

Basi tulingoja. Siku sita, Naisenya, watu wamekaa kwenye butchery ya stendi wakitazama televisheni, stesheni hii inasema huyu yuko mbele, ile inasema yule. Mzee mmoja alikuwa ameleta daftari, anajumlisha mwenyewe, kila asubuhi anapata rais tofauti. Hakuna aliyelima, hakuna aliyefungua duka vizuri. Ya urais unajua vile ilitangazwa, na unajua wanakwenda mahakamani. Hapa nusu walipiga honi, nusu walifunga milango. Mimi nilitulia. Sisi watu wa ndani hatushangai.

Lakini Lennox amepita! Mheshimiwa! Nilibebwa juu, mimi, miaka hamsini na mbili, nikabebwa kama mtoto kutoka pale shule mpaka stendi. Nilipiga simu yake kumpongeza, mtu mwingine akashika, akasema Mheshimiwa yuko kwenye mkutano. Ni kweli, sasa ana mikutano mingi.

Kila kitu sasa kitakaa sawa. Kila kitu.

Pakiteng wa Mheshimiwa,
Meitamei


Kimana, 4 Septemba 2022

Baba mdogo,

Natumaini mko wazima. Mama yuko sawa.

Agosti imeisha. Nanyokie amezaa nini, dume au mtamba?

Naisenya


Kitengela, 30 Oktoba 2022

Naisenya,

Takwenya. Mama Sandra yuko, Sandra yuko. Mvua hakuna. Ng'ombe niliyebaki naye ni mmoja, tunamwinua asubuhi kwa mikono, mimi na Mama Sandra na jirani.

Nilianza barua hii mara nyingi. Mara ya kwanza niliandika kwamba Nanyokie amezaa mtamba mwenye nyota kwenye paji la uso. Niliandika vizuri sana, hata rangi ya ulimi. Mama Sandra akaisoma mezani. Aliichukua akawashia jiko.

Wacha nikuambie habari ya sherehe ya Mheshimiwa. Ilikuwa Jumamosi iliyopita, kwake, maombi ya shukrani. Nilivaa shuka mpya, nikachukua ile fimbo nyeusi. Langoni kuna askari wa kampuni, kijana, ana karatasi. Akaniuliza, "Jina, mzee?" Nikamwambia, "Wewe mwambie Mheshimiwa ni Pakiteng." Nilitaka kuona akikimbia. Hakukimbia. Hata kichwa hakuinua. Akasema, "Pakiteng wako nyuma, tenti ya bluu. Fuata ukuta."

Wako. Si yuko.

Naisenya, walikuwa kama thelathini. Wazee wenye shuka mpya. Wa Isinya, wa Kajiado, mmoja alitoka Ilbissil kwa miguu. Nilikaa kwenye kiti cha mwisho. Yule wa kando yangu akaniuliza, "Wewe ulitoa nini?" Nikasema, "Dume." Hata hapo nilidanganya. Akasema, "Mimi nilitoa mtamba wa mke wangu, bado hajui." Kisha akacheka, na wengine wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ungefanya nini?

Mheshimiwa alipita saa saba na watu wake. Akasimama mbali kidogo, akainua mkono, akasema, "Pakiteng wangu wote, hamjambo?" Tukajibu pamoja. Kama darasa la kwanza, Naisenya. Tukajibu vizuri sana. Niliinuka nikaita, "Lennox! Ni Meitamei!" Akaangalia upande wangu, akatabasamu, akamwuliza yule kijana wake kitu sikioni. Sijui alimwuliza nini. Nadhani alimwuliza huyu ni nani.

Waliposhika kula nilizunguka nyuma kwa boma lake. Nilisema angalau nimwone. Nimpapase mgongo, nijue ndama ni wa rangi gani, nikuletee hata hiyo. Boma lilikuwa na ng'ombe wa gredi, wale weusi na weupe, hakuna mwekundu. Mchungaji wake alikuwa pale anakunywa chai. Nikamwuliza, "Zile ng'ombe za wazee ziko wapi? Kulikuwa na mwekundu, sikio la kushoto limekatwa chini." Akasema, "Hizo za Pakiteng? Mzee, hizo zilichinjwa zote ile siku ya helikopta. Nani angezilisha?" Kisha akafikiria, akasema, "Mwekundu nakumbuka. Alikuwa na ndama tumboni. Tulikataa kumgusa, mpishi wa Nairobi ndiye alimalizia."

Mtu hachinji ng'ombe wa Pakiteng. Hata mwizi anajua. Lakini yeye alichinja, na mimi nilikula. Niliongeza supu.

Hakukuwa na dume la tumbo jeupe. Unajua. Hakukuwa na Chyulu. Nilimtoa Nanyokie siku nne baada ya barua yako ya Aprili, ile ulisema ndiyo mali yako yote. Zangu zilikuwa mifupa, ningeonekana nimepeleka aibu, na yeye alikuwa amesimama pale anang'aa kwa sababu ya mabua yako. Nikasema namkopa tu nipate jina. Lennox akipita, ng'ombe atarudi na wenzake, na Naisenya hatajua alikuwa ametoka. Bunda ulizotuma baadaye nililisha zangu. Zimekufa hata hivyo.

Afadhali angeshindwa. Nalala na hiyo. Lennox angeshindwa, ningesema masikini hana, atalipa na nini? Ningebaki na Pakiteng wangu, na wewe ungenihurumia. Sasa amepita na sina hata hiyo.

Nipigie kelele. Lakini usikae kimya kama ile barua ya Septemba.

Meitamei


Kimana, 13 Novemba 2022

Baba mdogo,

Nainamisha kichwa. Nilidhani sitaandika hivyo, mkono umeandika wenyewe.

Mvua imenyesha huku mara mbili. Mama ni mzima. Habari ya Nanyokie nimemwambia mimi. Alikuwa anachambua vitunguu, aliendelea kuchambua mpaka gunia likajaa, kisha akauliza kama wewe unakula vizuri. Nzembi amepata sehemu ya kulima ng'ambo ya mfereji, nitaingia naye nusu kwa nusu. Masila anasema hataki tena chai yako.

Umesema nikupigie kelele. Nilikuwa na kelele nyingi mwezi wa nane. Nilifika kwako tarehe tisa asubuhi, nikaenda moja kwa moja bomani, nikakuta bunda zangu zimefungwa na kamba yangu, na ng'ombe ambao si wangu wanazila. Mama Sandra alinikuta hapo. Alinishika mkono akaniingiza jikoni, akaniambia yote aliyojua: siku uliyomtoa, vile ulimfunga kengele, vile uliimba njiani. Hakujua kuhusu kuchinjwa. Lakini kwamba ulimtoa, nimejua tangu siku hiyo. Nilipokuuliza Septemba amezaa nini, nilikuwa nakupa mlango. Ulikaa wiki nane kabla ya kupita.

Kidole chako gumba nilikiona. Nilijifanya sioni.

Nilienda na zile karatasi sita kwenye lile katoni la kupigia kura, nikaanza na ya ubunge. Lennox alikuwa wa tatu, anacheka kwenye picha. Kalamu yangu ilikuwa tayari iko kwa yule wa pili, ambaye hata simjui. Kisha nikakutazama. Ulikuwa umekaa kwenye kile kiti kidogo na beji yako, shingo imenyooka, unaangalia debe kana kwamba lina roho yako ndani. Nikafikiria vile itakuwa akishindwa. Utakuja Krismasi, utakaa karibu na moto, utaanza, "Lennox angepita, Naisenya, Nanyokie angerudi na wenzake wawili." Mwaka hadi mwaka. Ungezeeka na hiyo hadithi, na mimi ningekaa hapo naitikia, na mwishowe ningekuwa nimeanza kuiamini.

Kwa hivyo nilimpigia kura Lennox, apite, uone mwenyewe. Nikakunja karatasi nikaitumbukiza mbele yako, na wewe ukatikisa kichwa kwa furaha. Niliporudi kwa Ann niliomba Mungu Lennox ashinde, na hizo siku sita zote sikusikiliza ya urais, nilisikiliza hiyo moja tu. Ilipotangazwa amepita niliketi chini kwenye vitunguu nikalia, na Nzembi akadhani mtu wetu ameanguka.

Naisenya